Bustani ya miti kando ya korongo, Kondoa

Wengi wetu tuliohamia Dodoma baada ya mwaka 2016, serikali ilipotangaza kwamba safari hii inahamia makao makuu kweli kweli, tulikuja tukiwa tumekwisha kuambiwa kwamba huko ni nchi kame, ya vumbi na upepo, na kwamba mti wa maana ni ule utakaopandwa na kumwagiliwa. Kuhusu ukame hatukudanganywa, kwa sababu mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka huwa kati ya milimita 500 na 600 hivi, tena hunyesha kwa fujo na kuacha majuma mazima ya jua kali katikati ya msimu. Kuhusu miti, hata hivyo, tuliambiwa nusu ya habari. Ardhi hii ina miti yake, ya aina nyingi, na kila aina ina mbinu zake za kuishi na ukame ambazo mche wa kigeni hauna. Jambo hili nilikuwa nikilisikia kwa wenyeji, lakini uzito wake niliuona nilipoitembelea bustani ya miti iliyo kijijini wilayani Kondoa, ambayo wifi yangu, mzaliwa wa huko, alikuwa akinisimulia kwa muda mrefu.

Ninaposema bustani ya miti sina maana ya shamba la mbao wala bustani ya maua. Ni mahali ambapo miti ya aina mbalimbali imekusanywa na kupandwa kwa mpangilio, kila mmoja ukiwa na kibao cha jina lake, ili watu waitazame, wailinganishe na kujifunza kwayo. Bustani ya namna hiyo iliyo maarufu nchini ni ile ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 pamoja na taasisi yao ya utafiti wa kilimo, ambayo ilikusanya miti kutoka pande nyingi za dunia. Hii ya Kondoa ni ndogo mno ukiilinganisha na hiyo. Ni eka chache tu kwenye mteremko unaoishia katika korongo, na mwenyewe ni mzee mstaafu wa idara ya misitu, ambaye sitamtaja jina kwa sababu si mtu wa kupenda kutangazwa. Lakini tofauti iliyonigusa zaidi si ya ukubwa. Amani ilianza kwa kuuliza ni mimea gani ya kigeni ingeweza kustawi Afrika Mashariki, na mzee huyu alianza kwa kuuliza ni miti gani ya kwao ambayo wajukuu wake wasingeijua kama hakuna mtu wa kuiweka mahali pamoja.

Tuliondoka mjini alfajiri, mwishoni mwa Februari, kwa barabara ya Arusha, ambayo siku hizi ni lami tupu kwa takriban kilomita 160 zote za kufika Kondoa. Ndani ya mji kivuli karibu chote ni cha mwarobaini, mti uliotoka bara Hindi na kuzoea hapa kiasi kwamba watoto wengi wanaamini ni wa Dodoma, na siwezi kuusema vibaya mti ambao watu huketi chini yake kusubiri basi, kunyolewa na kuuziana ubuyu. Ukishatoka mjini, ndipo nchi inapoanza kujionyesha yenyewe. Mibuyu inakuwa mikubwa na kuachana kwa nafasi, mashamba ya mtama na uwele yanaizunguka bila kuigusa, na kwenye vilima migunga inaweka miavuli yake bapa juu ya nyasi ambazo kwa mwezi huo zilikuwa kijani kibichi.

Upande huo wa kaskazini kuna bonde la Makutupora, na Mzakwe ndipo vilipo visima virefu vinavyolinywesha jiji. Kina cha maji ya bonde hilo kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutokana na kumbukumbu za miaka 55 ulionyesha kwamba maji yaliyo chini ya ardhi hapo hayaongezeki kidogo kidogo kila mwaka. Hupungua kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha hupanda ghafla katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Nimelitaja jambo hili kwa sababu miti ya asili ya huku inaishi kwa hesabu hiyohiyo. Haitegemei mvua ya kila juma. Inajiwekea akiba chini, inavumilia, na msimu mwema ukija inakua kwa mkupuo.

Kuielewa bustani yenyewe kunahitaji kuijua kwanza habari ya makorongo ya Kondoa. Vilima vya Irangi vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko kwa miaka mingi, kwa sababu ya kukata miti, kulima miteremko na kulisha mifugo mingi kuliko majani yaliyokuwapo, mpaka udongo mwekundu ukabaki wazi na mvua ikauchimba kuwa makorongo ambayo mtu akisimama ndani yake haonekani na aliye juu. Mchanga ulishuka na kufunika mashamba ya mabondeni. Serikali ya kikoloni ilijaribu matuta na mistari ya mkonge. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu wa makamo huko anaujua kwa jina la HADO, kwa msaada wa Uswidi, nao ukaendelea na matuta, mabwawa ya kuzuia mchanga na miche ya kupanda. Kisha mwaka 1979 ikachukuliwa hatua nzito kuliko zote. Mifugo yote, takriban 90,000, iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wifi yangu alikulia katika nyumba iliyopeleka ng'ombe wake kwa jamaa wa mbali, na anasema kwamba watoto wa rika lake walikosa maziwa kwa kipindi kirefu, jambo ambalo wasimulizi wa mafanikio ya mradi huo wasingepaswa kulipita haraka. Ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani walikuja kuruhusiwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kilichotokea baada ya mifugo kuondoka ndicho kilichomfanya mzee wetu kuwa mtu aliye leo. Wakati huo alikuwa kijana, kibarua katika vitalu vya mradi, kazi yake ikiwa kujaza udongo kwenye viriba na kumwagilia miche iliyosubiri kupelekwa vilimani. Baada ya misimu michache tu aliona kwamba mahali walipopanda miche na mahali ambapo hawakupanda chochote palikuwa pakifanana, na pengine pale pasipopandwa palikuwa pazuri zaidi, kwa sababu nyasi zilirudi zenyewe, na visiki vya miyombo na miti mingine ambavyo kila mtu alivihesabu kuwa vimekufa vilikuwa vikitoa machipukizi. Mizizi ilikuwa hai muda wote. Kila chipukizi lilikuwa likiliwa na mbuzi kabla ya mtu kuliona.

Tulipofika tulimkuta amesimama nje ya uzio wa minyaa, ameshika panga dogo la kupogolea. Wifi alipiga goti kidogo, tukasema shikamoo, akaitika marahaba, kisha akatazama miguu yetu kabla ya kutazama nyuso zetu.

"Karibuni sana, wanangu. Ila ndala hizo, huku kuna mbigili," alisema, akamtuma mjukuu wake atuletee viatu vya kufunika.

Njia ya bustani inashuka na mteremko, ikipita kwenye matuta yaliyochongwa kwa jembe la mkono ili kuzuia maji yasikimbie. Kila mti una kibao cha bati lililokatwa kutoka kwenye debe, na maandishi yake hayakupakwa rangi bali yametobolewa kwa ncha ya msumari, nukta kwa nukta, kwa hiyo hata kutu ikishika bado unaweza kuyasoma, na asiyeona vizuri anaweza kuyapapasa. Mstari wa kwanza ni jina la Kirangi, wa pili ni Kiswahili, wa tatu ni jina la kisayansi, na baadhi ya vibao vina mstari wa nne wa Kisandawe, uliopatikana kwa rafiki yake wa upande wa Farkwa. Mzee anasema kwamba hakumjua mtu aliyeijua miti kuliko rafiki huyo, aliyekuwa mrina asali na mwindaji, na kwamba pale ambapo vitabu vya idara viliandika mti mmoja, yeye alitenganisha miwili kwa kunusa gamba. Vibao havikutundikwa kwa msumari kwenye shina, kwani msumari hufungua njia kwa wadudu na kuvu. Vimefungwa kwa waya wenye nafasi ya kutosha, na kila mwaka waya hulegezwa kadiri shina linavyonenepa.

Mti tuliokaa nao muda mrefu kuliko yote ulikuwa mkababu. Fikiria hali ilivyokuwa. Ni katikati ya mvua, kila kitu kimevaa kijani, mahindi yamefika kiunoni, na katikati ya shamba umesimama mti mkubwa usio na jani hata moja, matawi yake meupe yamekwenda juu kama mti uliokufa. Mgeni yeyote angeshauri ukatwe. Lakini mkababu hupukutisha majani yake mvua inapoanza na kuyachipuza upya wakati wa kiangazi, kinyume cha karibu miti yote inayouzunguka, kwa kuwa mizizi yake hushuka wima mpaka kwenye maji ya chini na haihitaji kungojea mawingu. Kwa mkulima hii ni neema kubwa. Wakati mazao yanahitaji jua, mti hauna kivuli, na majani yaliyodondoka yanaoza na kurutubisha udongo, tena ni mti wa jamii ya mikunde ambao mizizi yake husaidia kuingiza naitrojeni ardhini. Wakati wa kiangazi, jua linapounguza na malisho yamekwisha, mti unatoa kivuli kizito, na mwishoni mwa msimu huo maganda yake ya rangi ya chungwa, yaliyojikunja, yanaanguka kwa wingi na mbuzi na ng'ombe wanayapenda. Mzee alituonyesha mahindi yaliyo chini ya matawi na yale yaliyo hatua ishirini nje yake. Ya chini ya mti yalikuwa na majani mapana, ya kijani kilichoiva, na shina ambalo sikuweza kulizungushia kidole gumba na cha shahada. Yale ya nje yalikuwa yameanza kuwa ya njano kutoka jani la chini. Mbegu ilikuwa moja, siku ya kupanda ilikuwa moja, na hakuna mbolea iliyowekwa popote.

Mtu akiniuliza ni mti gani mmoja ambao ningependa kila mkulima wa Dodoma awe nao shambani, jibu langu tangu siku hiyo ni huo.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye udongo wa kichanga ulioinuka, kuna mninga. Wengi tunaujua mninga kwa kitanda, kabati na mlango. Watu wachache mjini wamewahi kuona tunda lake, ambalo ni bapa kama chapati, lina ubawa mwembamba pembeni wa kupeperushwa na upepo, na katikati limejaa nywele ngumu zinazochoma vidole. Mzee alikwaruza gamba kwa ncha ya panga, kwa upole, na baada ya muda mfupi utomvu mwekundu ulianza kujikusanya, mwekundu kabisa, ukaganda kwenye ukingo wa jeraha. Kisha akatupeleka nyuma ya mti huo mahali palipozungushiwa miiba, ambapo kulikuwa na vichipukizi vya mninga vilivyofika kifundo cha mguu. Nilidhani ni vya mwaka huo. Alisema kwamba vina miaka kadhaa. Mche wa mninga hukua wakati wa mvua, na kiangazi kikija sehemu yote ya juu hukauka na kufa. Msimu unaofuata huchipua tena kutoka chini, hufa tena, na hivyo hivyo kwa miaka, huku mzizi ukinenepa na kujiwekea chakula, mpaka siku mzizi utakapokuwa na nguvu ya kusukuma shina ambalo kiangazi na moto havitaliweza. Kuanzia hapo hukimbia.

Nilisimama pale nikiwaza zoezi la kupanda miti la kila mwaka, ambalo ofisi nyingi hulifanya siku ya taifa ya upandaji miti tarehe 1 Aprili. Kwa Dodoma tarehe hiyo iko ukingoni kabisa mwa mvua, na mche unaopandwa siku hiyo unaingia kiangazi cha miezi saba au zaidi ukiwa na mzizi usiozidi kina cha kiriba ulimotoka. Tunahesabu miche iliyopandwa, tunapiga picha, na mwaka unaofuata tunahesabu iliyo na majani. Kwa kipimo hicho, mninga ungeandikwa kuwa umekufa katika kila kiangazi cha utoto wake.

Mpingo tuliupita haraka zaidi, ingawa ni mti wa taifa, kwa sababu ule wa mzee bado ni mdogo, umejaa miiba, na mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Hata hivyo alitutolea kipande cha gogo la zamani kilichookotwa vilimani, kimekatwa kukingama, tukaona jinsi mti wa nje ulivyo wa manjano hafifu na ule wa ndani ulivyo mweusi, mpaka kati yao ukiwa dhahiri. Mjukuu alikitumbukiza katika ndoo ya maji na kikazama moja kwa moja. Kutokana na weusi huo hutengenezwa klarineti na obo za Ulaya, na vinyago vya Wamakonde.

Kuna msandali pia, na habari yake inafaa kusimuliwa kwa sababu umekuwa ukiibwa katika nchi zote za Afrika Mashariki. Mafuta yenye harufu yako katika mti wa ndani, na zaidi mizizini, kwa hiyo wezi hawaukati bali huung'oa, na ukishang'olewa hauna kisiki cha kuchipua. Tangu mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mzee anasema watu humletea mbegu na kumwomba awafundishe kuupanda, na yeye huwaambia kwamba msandali haukui vizuri peke yake, kwa kuwa mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya miti jirani na kunyonya humo sehemu ya maji na chakula. Anayetaka msandali lazima kwanza awe na kichaka. Miwili aliyo nayo imesimama katikati ya msongamano wa mikole na miti ya jamii ya manemane, na ukiipita bila kuonyeshwa huwezi kuitambua.

Mche wa mbuyu ulitushangaza wote wawili, hata wifi ambaye amekula majani ya mbuyu tangu utotoni. Majani ya mbuyu mkubwa yamegawanyika kama vidole vya mkono, lakini ya mche ni jani moja moja lisilogawanyika, na shina lake jembamba lisilo na dalili yoyote ya unene linafanana na magugu mengine yote ya shambani. Hii ni sababu mojawapo ya watu kusema kwamba mibuyu haizai tena. Mingine huota vizuri, na tunaing'oa pamoja na magugu tunapopalilia, bila kuijua.

Upande wa mbali wa bustani, karibu na korongo, mzee ameacha kona ya miti ya kigeni. Kuna mkaratusi, mjohoro, mlusina na mwarobaini, yote ikiwa na vibao kama mingine. Hana chuki nayo. Alisema kwamba nguzo za nyumba yake ni za mkaratusi na kwamba mtu anayehitaji kuni baada ya miaka mitano hawezi kuambiwa angoje mninga. Anachokataa ni kuipanda bila kuijua. Mlusina anaukata maua kabla haujafunga mbegu, kwa sababu ukiachwa utajaza korongo lote. Nilimwambia habari ya Amani, ambako mti wa Maesopsis uliopandwa kwa nia njema ulitoka kwenye mashamba ya majaribio na kusambaa ndani ya msitu wa asili wa Usambara Mashariki, akatikisa kichwa na kutaja mathenge ya Baringo, nchini Kenya, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa katika miaka ya 1980 na sasa umefunga njia za mifugo na kingo za ziwa. Mti mgeni, kwa maoni yake, ukaribishwe, lakini aliyeuleta asilale.

Baada ya chakula, ambacho kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, tulishuka korongoni. Huko hakuna kibao hata kimoja, na mzee anapaona kuwa ndipo kiini cha bustani. Kuta za korongo bado ni nyekundu na wima, lakini sakafu yake, ambayo wifi anaikumbuka kuwa mchanga mtupu, imefunikwa na nyasi ndefu, migunga na vichaka ambavyo hakuna aliyevipanda. Kazi yake humo ni moja tu. Akikuta kisiki kilichotoa machipukizi mengi, huchagua mawili au matatu yaliyonyooka, hukata mengine yote, hupogoa matawi ya chini, hufunga kitambaa ili wapita njia wajue kwamba mti huo una mwenyewe, na huufuatilia. Njia hii ndiyo inayoitwa Kisiki Hai na shirika la LEAD Foundation, ambalo limekuwa likiifundisha vijijini Dodoma kwa kushirikiana na shirika la Justdiggit tangu mwaka 2018. Nchini Niger, ambako Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliieneza kuanzia miaka ya 1980, wakulima walirudisha miti katika takriban hekta milioni 5. Haihitaji kitalu, kiriba wala boza la maji. Inahitaji makubaliano ya kijiji kuhusu mbuzi na moto, na hayo, kwa maneno ya mzee, ndiyo magumu.

Sisemi kwamba vitalu vifungwe. Kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2017, imeleta kivuli katika barabara na viwanja ambako hakuna kisiki chochote kilichobaki cha kuchipua, na mji unaokua kwa kasi hii unahitaji kivuli hicho. Ninachotamani ni kwamba katika kila kata yenye shule ya sekondari kuwe na eka moja ya miti ya mahali hapo, yenye vibao, iliyokusanywa na wanafunzi wakiongozwa na wazee wa kijiji wanaojua majina. Gharama yake ni uzio, debe kuukuu na msumari. Wazee wenyewe ndio wasioweza kununuliwa, na kila mwaka wanapungua. Yule rafiki wa Farkwa alikwisha kufariki, na kuna miti miwili pale bustanini ambayo mstari wa nne wa kibao chake umebaki wazi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kwa anayetaka kuanza na mkababu nyumbani au shuleni, haya ndiyo maelekezo ya mzee kama alivyonipa. Maganda yakusanywe mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mifugo kuyamaliza, na yatwangwe taratibu ili mbegu zitoke. Mbegu zina ganda gumu, kwa hiyo zimwagiwe maji ya moto na kuachwa humo usiku mzima, na zilizovimba ndizo za kusia, zisizovimba zirudiwe. Mzizi mkuu hukimbilia chini haraka, ndiyo maana kiriba kifupi huupinda na kuuharibu. Ni afadhali kutumia kiriba kirefu na kuupeleka mche shambani mapema, mvua za kwanza zinapolowesha ardhi, au kusia mbegu moja kwa moja mahali ambapo mti utakaa. Kiriba kichanwe na kuondolewa chote siku ya kupanda. Mche uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi, na usipandwe karibu na ukuta wala bomba, kwa kuwa huo ni mti wa shamba na hukua mkubwa. Atakayepata maganda mengi kuliko mahitaji yake ayapeleke shule ya jirani.